Ukurasa Nilioruka

Kalemie, tarehe 21 Januari 2025

Shangazi Emérance mupendwa,

Nakusalimia wewe, mwanao Joël na mbuzi wenu wote. Sisi huku tuko wazima, isipokuwa mudogo wangu Steve aliyeumwa jino akalia nyumba nzima ikakosa usingizi, mpaka Mama akamupeleka kwa masista. Mama bado anauza mboga za lengalenga sokoni. Ziwa limepanda tena, wauzaji wote wamesogea juu na kila asubuhi wanagombania nafasi. Papa naye yuko muzima. Miwani yake ilivunjika siku ya Noeli, kwa hiyo sasa mimi njo macho yake.

Nakuandikia barua kwa sababu simu ya nyumba inalala mufukoni mwa Papa, na huko kwenu mulimani hata ningepiga isingeingia. Tena kuna maneno ambayo mudomo wangu haukubali kuyatoa. Unanijua. Siku ya ubatizo wa Steve ulisema mimi ni kobe, mutu akipita naingiza kichwa.

Shangazi, nimefanya kitu.

Labda hujui habari ya baraji ya Papa, maana nyinyi wawili hamusemezani. Ni ukuta wa udongo waliojenga kiangazi cha mwaka jana, kufunga kijito kinachoshuka nyuma ya kartie yetu, mutaa huu, ili maji ya mvua yabaki bondeni na akina Mama wapate ya kumwagilia bustani mwezi wa saba na wa nane. Papa njo prezida wa komité ya baraji. Walijenga vile tunavyojenga nyumba: wakasuka mianzi na matete kutoka upande hadi upande, kisha wakajaza udongo wa kichuguu katikati, wakaukanyaga kwa miguu wakiimba. Watu walikuja kutazama. Papa Hippolyte, yule mwashi, alisema hata nyumba yake haina ukuta muzuri hivyo, na muke wake akimufukuza atahamia humo.

Ukuta ulipokwisha simama, watu wa muradi wa kilimo wakatuletea kitabu. Ni cha Kifaransa, kinafundisha kutunza maji na kulima bila kuuchosha udongo: mbolea ya majani, kufunika mashamba kwa nyasi, matuta ya kuzuia udongo usibebwe na mvua, na baraji ndogo. Kila Jumapili baada ya misa komité inakaa kwenye darasa moja la shule. Mimi nasimama mbele, nasoma Kifaransa kimoyomoyo na kutoa Kiswahili kwa sauti. Papa anakaa mustari wa kwanza, na kila sentensi anatikisa kichwa kana kwamba ameiandika yeye.

Jumapili iliyopita nilifungua ukurasa mupya na macho yangu yakatangulia. Iliandikwa kwamba ndani ya ukuta wa maji musiweke muti, wala mizizi, wala matete, wala kitu chochote kinachooza, kwa sababu kikioza kinaacha tundu, na maji yanafuata lile tundu mpaka ukuta wote unakwenda. Papa alikuwa ananitazama, anangoja sentensi ya kutikisia kichwa.

Nikageuza ukurasa.

Mama Rebecca hajui kusoma, lakini anaangalia picha. Akasema, "We mutoto, rudi nyuma. Ile picha ya gogo lenye musalaba mwekundu inasemaje?"

Nikasema, "Inasema tusikate miti ovyo."

Wakapiga makofi. Papa pia.

Jana nimepita chini ya baraji. Pale chini, upande wa kushoto, udongo umelowa na maji yanatoka kidogo kidogo, kama jasho. Shangazi, wewe ni moniteri wa kilimo, unafundisha wakulima, huko umejenga mabwawa ya samaki. Mianzi inachukua muda gani kuoza ndani ya udongo?

Tafadhali usimwandikie Papa.

Mutoto wako,
Laure


Moba, huku juu, tarehe 4 Februari 2025

Laure, kobe wangu,

Barua yako imefika ikinuka ndagala, kwa sababu Samy mwenye boti aliitia ndani ya gunia la samaki ili isilowe njiani. Samaki wamefika salama pia. Sisi tuko wazima. Viazi vimekubali, maharage yamekataa. Joël ameanza kunyoa ndevu ambazo hana. Mbuzi mumoja amekula kikwembe changu cha parokia, kile cha kuvaa chenye picha: Bikira Maria amebaki, askofu ameliwa. Umwambie mama yako, najua atacheka.

Sasa mianzi. Katika udongo mukavu inaweza kukaa miaka. Katika udongo unaolowa na kukauka, haikai. Lakini swali silo hilo. Swali ni maji yanayotoka pale chini yana rangi gani. Kila ukuta wa udongo unatoka jasho, hata wangu. Yakitoka meupe, bila tope, ukuta unapumua tu. Yakitoka na udongo, basi ukuta wenyewe unahama, unatoka nje kupitia tundu lake, kidogo leo, kidogo kesho, na kwa macho unauona umesimama kumbe katikati hakuna kitu.

Chukua chupa ya plastiki isiyo na rangi, uioshe vizuri. Kinga maji palepale yanapotokea. Isimamishe dirishani, ufagie lupango mbele ya nyumba, uoshe vyombo, kisha utazame chini ya chupa. Ufanye hivyo kila asubuhi, na uniandikie.

Kuna kitu hukuniambia. Nimesoma barua yako tena na tena nikikitafuta. Chini ya hiyo baraji kunakaa nani?

Kuhusu baba yako usiogope, siandiki. Usiniulize kwa nini.

Ile ya miti nilicheka, kisha nikaacha kucheka.

Shangazi yako


Kalemie, tarehe 18 Februari 2025

Shangazi mupendwa,

Mama alicheka habari ya askofu mpaka akatafuta kiti. Sikumusomea zaidi ya hapo. Steve jino limetoka, anapitisha ulimi kwenye tundu siku nzima, mimi nageuka nisitazame. Papa ana furaha, na furaha yake inaniogopesha. Wageni wa muradi watakuja katikati ya mwezi wa tatu, na anataka wakute maji yamegusa alama nyekundu aliyochora juu kabisa. Wakiridhika wataleta pompe ya kuvuta maji. Kwa hiyo ameziba kwa magunia ya muchanga ule mufereji wa pembeni, ule wa kupitisha maji yakizidi.

Umeuliza chini kunakaa nani. Sikuandika kwa sababu niliogopa kuwaona kwenye karatasi. Zamani palikuwa lengalenga tu. Siku hizi familia zinashuka bandarini na maboti kutoka kaskazini, zimekimbia vita, na wale wasio na ndugu mujini wamejenga vibanda vya turubai palepale bondeni, kwa sababu ni tambarare na hakuna aliyewakataza.

Mumoja wao anaitwa Jeannette. Ni wa umri wangu, wamemuweka benchi moja nami darasani. Yeye anaongea kwa ajili yetu wawili, mimi nasikiliza, na ni mara ya kwanza naona hamu ya kwenda shule. Shangazi, wanachota maji ya kunywa pale panapovuja. Wanapaita chemchemi. Jeannette aliniambia, "Ya ziwa yanaleta kolera. Haya ya baba yako, onja, matamu." Mama yake akamwombea Papa baraka, na mimi nikaitika amina.

Sasa chupa. Siku za kwanza maji yalikuwa meupe, nikaanza kulala vizuri. Alhamisi, nilipomaliza vyombo, chini ya chupa palikuwa na udongo mwembamba kama unga wa muhogo. Rangi yake ni ile ya kichuguu. Ijumaa ulikuwepo tena, na Jumamosi. Chupa nimezificha chini ya kitanda nyuma ya viatu.

Nilijaribu na Papa. Alikuwa anakula. Nikasema, "Papa, na baraji ikivunjika?"

"Nani anasema itavunjika?"

"Hakuna mutu, Papa."

"Basi umwambie huyo Hakuna Mutu anyamaze."

Steve akacheka, Papa akacheka. Na mimi nikacheka, Shangazi. Mpaka leo hicho njo kinachoniuma.

Nifanye nini? Ukiweza, ujibu haraka.

Laure


Moba, tarehe 3 Machi 2025

Laure,

Salamu zitakuja baadaye. Barua yako imenikuta shambani, nimeisoma nimesimama.

Kwanza watu wa bondeni watoke. Hata kama watakasirika, hata kama ni mvua, watoke.

Kisha maji yashushwe, polepole, kupitia ule mufereji wa pembeni, kwa sababu unapita kwenye udongo mugumu wa mulima wenyewe. Magunia yatolewe, mufereji uchimbwe kwenda chini zaidi. Ukuta musiuguse. Na mutu asijaribu kuziba tundu kwa chini. Ukiziba hapa, maji yatatoboa pale, kwa hasira.

Hiyo si kazi ya mutoto, ni kazi ya watu wazima wenye majembe. Kwa hiyo lazima baba yako ajue.

Basi nikuambie kwa nini mimi siwezi. Kwenye matanga ya mama yetu, baba yako kama mwana wa kwanza njo alionyesha mahali pa kaburi. Nikasema mbele ya wakwe na padri: hapo hapana, hapo maji yanakaa. Wakachimba kidogo, maji yakaonekana, wakahamisha. Nilisema kweli, na tangu siku hiyo hajaniita dada. Leo nikimwandikia kwamba baraji yake ni mbovu, ataijaza mpaka juu ya alama.

Nilikuwa nimeandika hapa kwamba umwambie mukiwa wawili tu, kwa heshima. Nimefuta, unaona karatasi ilivyochafuka. Mukiwa wawili atakuambia nyamaza, na wewe utanyamaza, maana tulikulea hivyo. Soma ule ukurasa, mbele ya wote. Hutakuwa wewe unayesema, kitakuwa kitabu.

Mashine ya boti ya Samy inakohoa. Namwomba Mungu, na fundi pia.

Na mimi naogopa, mutoto wangu.

Emérance


Kalemie, tarehe 8 Machi 2025

Shangazi,

Leo sitakusalimia vizuri, unisamehe. Barua yako haijafika. Nimeshuka bandarini mpaka wabeba mizigo wananiita bibi ya Samy, eti muke wake. Wanasema boti imelala Moba, mashine imekufa.

Mvua haijaacha tangu Jumanne. Maji yamebakiza kiganja kimoja kugusa alama nyekundu. Kule chini chemchemi yao inatoka nene kama kidole gumba, rangi ya chai ya maziwa. Leo niliweka sikio kwenye ukuta. Ndani kuna sauti, kama mutu anakunywa.

Nilimwambia Jeannette wasichote tena pale, maji yamechafuka. Akanitazama.

"Yamechafuka, au kuna kitu unajua?"

Nikasema nina kazi nyumbani. Nikaenda. Aliniita kwa jina, sikugeuka.

Ana mudogo wake, Mamie. Bado anatembea kama bata, wanamufunga kamba kiunoni asifuate maji. Kibanda chao njo cha kwanza kabisa chini ya ukuta.

Kesho ni Jumapili. Naogopa ukuta na naogopa Papa, na nikijiuliza ni nani naogopa zaidi, sipati jibu haraka. Naona aibu. Papa hajawahi kumuua mutu.

Naandika hii ili kesho kutwa nisije nikasema sikujua.

Laure


Kalemie, tarehe 29 Machi 2025

Shangazi mupendwa,

Barua yako imefika juzi, baada ya kila kitu. Samy anaomba radhi, na anasema fundi alisikia maombi yako kabla ya Mungu. Mama anakusalimia. Steve anaota jino jipya. Sisi wote tuko hai, nakuandikia hilo mapema ili usome kwa utulivu.

Jumapili ile mvua ilipiga mabati ya shule kwa nguvu, hata ilibidi kupaza sauti, mimi nisiyejua kupaza sauti. Nilifungua ule ukurasa. Niliusoma kwanza kwa Kifaransa, wote, kwa sababu kwa Kifaransa hakuna aliyenielewa na niliweza kupumua.

Papa akasema, "Kiswahili, Laure. Hapa si kwa Wazungu."

Nikausoma kwa Kiswahili.

Hakuna aliyepiga makofi. Mama Rebecca akauliza polepole, "Na ile picha ya gogo?"

"Ni ya ukurasa huu, Mama. Siku ile nilidanganya."

"Kumbe. Na mimi nimemukataza mume wangu kukata muparachichi mpaka leo."

Mutu mumoja alicheka, akaacha. Papa akasimama. "Nani amekufundisha haya? Ni Emérance?"

"Ni kitabu, Papa."

Nikatoa chupa kwenye mufuko wa shule, nikazipanga juu ya meza, kuanzia ya zamani mpaka ya asubuhi ile. Ya kwanza ilikuwa nyeupe. Ya mwisho, ungeweka kidole nyuma yake usingekiona. Papa aliichukua ile ya mwisho akaisogeza karibu na macho, maana miwani hana. Akaitikisa. Akangoja itulie. Nilidhani atanipiga nayo.

Akasema, "Hippolyte, leta majembe."

Wanawake walishuka bondeni kutoa watu. Jeannette alipanda na Mamie mugongoni, sufuria kichwani. Alipofika karibu nami akasema, "Ulijua." Hakuwa anauliza. Nikasema ndiyo. Wanaume walitoa magunia, wakachimba mufereji katika mvua mpaka giza likaingia, na maji yakashuka kidogo kidogo. Ukuta haukuvunjika.

Nilidhani nitafurahi. Lakini ukuta uliosimama haumwambii mutu kama ungeanguka. Wageni wa muradi walikuja wakakuta tope na vyura, wakapiga picha za vyura, wakaenda. Pompe hakuna. Sasa nikipita sokoni nasikia nyuma yangu, "Huyo njo alimwaga maji ya watu." Familia za bondeni zimehamia kwenye kilima karibu na kanisa na zinachota ziwani tena. Wiki iliyopita Mamie aliharisha. Kwenye kituo cha afya walisema si kolera, lakini kabla ya kusema hivyo nilikaa nje kwenye ngazi nikisikiliza kila mulango unaofunguka. Kila asubuhi nawapelekea bidoni ya maji niliyochemsha. Jeannette anaipokea. Haongei tena kwa ajili yetu wawili.

Na Papa alinyamaza. Nilimupelekea chakula, akala. Nilimupelekea maji ya kunawa, akanawa. Neno hakunipa. Nilitamani hata anigombeze.

Leo asubuhi nimemukuta barajini peke yake. Maji yamekwisha upande ule, tundu liko wazi. Alikuwa amepiga magoti. Aliingiza mukono ndani mpaka kiwiko, kisha mpaka bega, shavu lake likalala kwenye ukuta, na bado vidole havikugusa mwisho. Alikaa hivyo, macho amefumba. Kisha akatoa kipande cha mwanzi. Kilikuwa cheusi. Alikifinya kikageuka uji kwenye kiganja chake.

Sikukohoa, lakini alijua niko nyuma yake.

"Yule mutoto wa kamba," akasema, "alikuwa analala wapi?"

Nikamuonyesha. Si mbali, Shangazi. Ni pale ambapo mutu akitema mate yanafika.

Alipima kwa macho kutoka ukutani mpaka pale. Kisha akapangusa mukono kwenye suruali.

"Mwandikie shangazi yako."

"Nimwandikie nini, Papa?"

"Mwulize yeye angejenga namna gani." Alikwisha kunipita aliposema lililobaki, bila kugeuka. "Useme ni kaka yake anauliza."

Basi kaka yako anauliza. Mvua zitaisha mwezi wa tano, na komité wamekubali kubomoa kila kitu mpaka chini na kuanza upya, isipokuwa Papa Hippolyte anayesema sasa atalala wapi muke wake akimufukuza. Kama kuna nafasi kwenye boti, njoo. Hilo Papa hakusema, nimelisema mimi. Na utuambie pia namna ya kuchimba kisima pale kanisani, kwa ajili ya wale niliowanyima chemchemi.

Naandika mezani, na Papa amekaa mulangoni, anangoja. Amesema nikimaliza nimusomee kabla sijaipeleka kwa Samy. Barua hii ina ule ukurasa, ina uongo wangu, ina jina lako jinsi alivyolitaja kwa hasira, ina mahali nilipoandika kwamba nilidhani atanipiga na chupa. Kuna mistari ningeweza kuiruka. Bila miwani asingejua.

Ameuliza, "Umemaliza?"

Nimemaliza, Shangazi. Nitamusomea kuanzia tarehe.

Laure